Kutia rangi filamu ya "Repas de bébé" ("Mlo wa mtoto") ya 1895: mwongozo kamili, kuanzia kutafuta nakala hadi faili la mwisho

Mtoto wa mwaka mmoja hivi ameketi katikati. Kushoto kwa picha baba anamlisha kwa kijiko, kulia mama anashughulika na kahawa yake. Nje kuna upepo, na bibu ya mtoto inainuka, inapinduka, inashuka tena. Baba anampa biskuti. Mtoto anaishika, halafu badala ya kuila anainyoosha mbele, kama anamkaribisha mtu aliyesimama nyuma ya kamera.

Mtu huyo ni baba yake mdogo, Louis Lumière, Mfaransa aliye kati ya waanzilishi wa sinema. Mtoto ni Andrée, aliyezaliwa 1894, na wazazi wake ni Auguste na Marguerite. Filamu hii isiyofika dakika moja ilikuwa kati ya zile kumi zilizoonyeshwa Paris, kwenye ukumbi wa Grand Café, tarehe 28 Desemba 1895. Andrée alifariki akiwa bado kijana, mwaka 1918, kwa ile homa kuu ya mafua. Nimeitazama mara nyingi sana, na kila inapofika biskuti ile nasimamisha.

Kazi yangu ya kila siku ni kuhariri video za harusi na kipaimara. Mbinu nitakazoeleza hapa nimezitumia kwenye filamu hii moja, fremu kwa fremu (yaani picha moja moja zinazounda filamu), kwa kompyuta ya kawaida na programu zisizolipiwa. Ukiifuata kazi hii hadi mwisho utaweza kushughulikia filamu yoyote ya zamani isiyo na rangi. Tenga wiki tatu za jioni, na usianze na rangi. Rangi ni hatua ya tano.

Kwanza: kwa nini filamu hii, na suala la haki

Filamu za Kifaransa kuhusu utoto ni nyingi, na zinazopendwa zaidi ni za miaka ya 1950 na 1960. Hizo usiziguse. Sheria ya Ufaransa inalinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha waandishi wake. François Truffaut, aliyeongoza "Les Quatre Cents Coups" ya 1959, alifariki 1984. Yves Robert, aliyeongoza "La Guerre des boutons" ya 1962, alifariki 2002. Hesabu mwenyewe.

Tena Ufaransa ina msimamo mkali kuhusu rangi yenyewe. Kituo kimoja cha televisheni huko kilipotaka kurusha nakala iliyotiwa rangi ya "The Asphalt Jungle", filamu ya Kimarekani ya John Huston, warithi wake walikwenda mahakamani. Tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu ya rufaa ya Ufaransa iliwapa haki: heshima ya mtunzi juu ya umbo la kazi yake inalindwa hata kama yeye ni mgeni na hata kama kampuni ndiyo yenye mali. Kumbuka kesi hiyo kabla hujatia rangi filamu ya mtu ambaye warithi wake wapo.

Louis Lumière alifariki 6 Juni 1948. Miaka 70 yake imekwisha, filamu ni ya wote. Jambo moja la kuangalia: picha iliyosafishwa upya na taasisi inaweza kuwa na masharti yake. Soma maelezo ya ukurasa unaopakulia, na kama hayaeleweki, andika barua pepe uulize. Mimi niliuliza, nikajibiwa vizuri.

Pili: nakala

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla hata haijaanza. Mtandaoni kuna nakala za kila namna za filamu hii. Mbaya kuliko zote ni zile zilizopitishwa kwenye programu ya kuongeza fremu hadi 60 kwa sekunde. Zinateleza kama siagi, na kwenye ncha ya kijiko utaona moshi. Fremu hizo Louis hakuzipiga, zimebuniwa na mashine. Achana nazo.

Fungua kila nakala, isimamishe wakati kijiko kinapanda mdomoni, kisha songa mbele fremu moja moja. Ukiona vijiko viwili kimoja juu ya kingine, fremu mbili zimechanganywa. Tupa. Ukiona kijiko kimekaa palepale fremu mbili kisha kikaruka, hiyo ni fremu iliyorudiwa tu, na inarekebishika. Tazama pia majani nyuma ya familia. Kama yamekuwa uji wa kijivu usio na kingo, faili limebanwa mno. Chagua nakala yenye chembechembe zinazoonekana (zile nukta ndogo za utepe wenyewe), hata kama ina mikwaruzo zaidi, kwa sababu mikwaruzo utaiondoa lakini majani yaliyopotea hutayarudisha.

Tatu: kuzitoa fremu

Sinematografu, kamera ya Lumière, ilizungushwa kwa mkono, karibu fremu 16 kwa sekunde. Utepe ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi, sawa na sekunde 50. Kwa hiyo tarajia fremu zisizozidi 900. Nakala yako inaweza kuwa na 1,200 au zaidi kwa sababu ya zile za kurudiwa, na kila fremu ya kurudiwa ni kazi utakayoifanya mara mbili.

Tengeneza folda tatu: asili, safi, rangi. Kisha, kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri:

`ffmpeg -i nakala.mp4 -vf mpdecimate -fps_mode vfr asili/%05d.png`

Kichujio cha mpdecimate kinaondoa fremu zinazofanana na zilizotangulia. Baada ya hapo zihesabu, na zipitie zote kwa macho. Ndiyo, zote. Ni kazi ya saa moja, na ndiyo saa utakayoijua filamu: utajua upepo unaanza wapi, mkono wa Auguste unakatiza uso wa mtoto mara ngapi, doa jeusi lipo fremu gani. Andika. Folda ya asili ikishakamilika ifunge, usiandike kitu ndani yake tena.

Nne: kusafisha

Kuna maradhi manne, na yatibiwe kwa mpangilio huu: kutikisika, kumeta, vumbi, mikwaruzo.

Kutikisika kunatokana na utepe kukaa vibaya kwenye meno ya mashine. Kwenye Blender, programu ya michoro na video, sehemu ya kufuatilia nukta, chagua kitu kisichosogea, mfano ukingo wa meza, na uiambie picha yote itulie juu yake. Usichague jani. Na usikuze picha ili kuficha kingo zinazocheza. Acha ukanda mwembamba mweusi pembeni, ndio ukweli wa fremu.

Kumeta ni mwanga kupanda na kushuka kwa sababu mkono uliozungusha mashine haukwenda sawa. Kichujio cha deflicker cha ffmpeg, kikiwekwa kiwango cha fremu tano, kinatosha. Ukizidisha, kivuli halisi cha wingu kinachopita kitafutika pamoja na kasoro.

Vumbi linajitambulisha lenyewe: lipo fremu moja, fremu ya kabla na ya baada halipo. Programu nyingi zinatumia kanuni hiyohiyo kulisaka, na kanuni hiyo ina hatari yake kwenye filamu hii. Jani linalogeuka kwenye upepo lipo fremu moja tu. Mng'aro wa kijiko vilevile. Mara ya kwanza niliiachia programu moja ifanye usafi usiku kucha, asubuhi nikakuta bibu ya Andrée haipeperuki. Ile pembe ya kitambaa iliyokuwa ikiinuka kwa fremu chache ilikuwa imefutwa kama uchafu. Nilirudia kwa mkono kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha: unafungua fremu yenye doa, unachukua sehemu ileile kutoka fremu jirani, unaipachika kwa brashi laini. Fremu ishirini kwa jioni ukiwa mzembe, sitini ukishazoea. Madoa madogo ya pembeni nayaacha.

Mikwaruzo ya wima haifuati kanuni ya vumbi kwa kuwa inakaa palepale fremu nyingi mfululizo. Huu ndio mchezo mgumu. Chukua rangi ya pikseli za kushoto na kulia kwa mkwaruzo na ujaze katikati, isipokuwa unapopita usoni. Usoni fanya fremu kwa fremu, ukitazama picha ikiwa imekuzwa mara nne, kwa sababu mdomo wa mtoto ukisogezwa pikseli mbili anakuwa mtoto mwingine.

Chembechembe usiziondoe. Ndizo picha yenyewe.

Tano: kutafuta rangi za kweli

Hapa filamu hii ina bahati ambayo filamu nyingine hazina. Louis Lumière huyohuyo ndiye aliyebuni Autochrome, picha ya rangi kwenye kioo, iliyopewa hataza 1903 na kuanza kuuzwa 1907. Chembe ndogo mno za wanga wa viazi zilitiwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau, zikatandazwa kwenye kioo, na mwanga ukapita humo. Familia ya Lumière ilijipiga picha hizo bustanini na mezani. Maana yake una picha za rangi za ukoo uleule, chini ya jua la nchi ileile, zilizopigwa na mtu aliyeshika kamera siku ile ya biskuti. Zitafute, zitazame kwa muda mrefu. Ni za zaidi ya miaka kumi baadaye, kwa hiyo usinakili mishono ya nguo. Nakili namna mwanga unavyokaa kwenye ngozi na kwenye kitambaa cheupe.

Halafu elewa kijivu cha mwaka 1895. Filamu ya wakati ule iliona sana mwanga wa bluu na ilikuwa karibu kipofu kwa nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi, anga la bluu lilitoka jeupe tupu. Kwa hiyo usiseme "hiki ni kijivu hafifu, basi kilikuwa rangi hafifu". Blauzi ya Marguerite ina mistari. Mistari yake iliyokoza haiwezi kuwa bluu hafifu, maana bluu hafifu ingetoka karibu nyeupe. Inaweza kuwa nyekundu, kahawia, nyeusi, au bluu nzito sana. Na ile mistari myeupe huenda ilikuwa nyeupe, huenda bluu ya maji. Hapo ushahidi unaisha na uamuzi wako unaanza.

Ndiyo maana kabla ya kugusa brashi nafungua daftari la rangi. Kila kitu kwenye fremu kinapata mstari wake, na kila mstari una moja ya alama tatu: najua, nakisia kwa sababu hii, nimebuni. Kahawa: najua. Majani: najua kuwa ni kijani, ukolezi nakisia kwa Autochrome. Vyombo vinavyong'aa kama fedha: nakisia kwa mng'aro, na kumbuka fedha haina rangi yake, inabeba ya vitu vilivyo jirani. Mistari ya blauzi: nimebuni, nimechagua kahawia nyekundu. Bibu: nakisia nyeupe. Nywele za Andrée: nimebuni. Daftari langu lina mistari 31, na kumi na miwili inasema nimebuni. Usione haya kuiandika.

Sita: fremu mama

Usitie rangi fremu zote. Chagua fremu mama, moja kwa kila fremu arobaini hivi, na uongeze pale mkono unapokatiza uso. Mimi nilikuwa na 27.

Kwenye GIMP weka fremu safi chini kabisa. Juu yake ongeza leya, yaani tabaka la picha, na hali ya leya iwe LCh Color. Hali hiyo inachukua rangi kutoka juu na mwangaza kutoka chini, hivyo brashi yako haiwezi kufanya kitu kiwe cheusi au cheupe zaidi ya alivyokipiga Louis. Fanya leya moja kwa kitu kimoja: ngozi ya mtoto, ngozi ya baba, ngozi ya mama, blauzi, bibu, meza, majani ya mbali, majani ya karibu. Itakufaa kwenye hatua inayofuata.

Makosa mawili yanaifanya picha ionekane kama postikadi ya zamani. La kwanza ni kukoleza. Punguza ukolezi mpaka uhisi umepungua mno, kisha punguza kidogo tena, uondoke ukanywe chai, urudi. Mara nyingi utakuta bado umezidi. La pili ni kupaka kitu kimoja rangi moja. Ngozi haina rangi moja. Masikio na vifundo vya vidole vina wekundu, paji la uso lina umanjano, chini ya kidevu kunaingia rangi ya nguo. Nyeupe vilevile. Bibu ya mtoto aliyeketi bustanini inapokea kijani kutoka kwenye majani na bluu kutoka angani. Nilipotia bluu kidogo sana kwenye kunjo za chini za bibu ile, na umanjano kidogo juu ilipogeukia jua, ndipo ilipoacha kuwa karatasi ikawa kitambaa.

Saba: kusambaza

Sasa rangi za fremu mama 27 zifike kwenye fremu mia nane na zaidi. Njia ya mkono ni kuchora maski, yaani mpaka unaozunguka eneo la rangi, kwenye Blender kwa kila kitu, uzifunge kwenye nukta zinazofuatiliwa, na kurekebisha zinapoteleza. Meza na majani ya mbali yataisha siku moja. Mikono itakula wiki.

Njia ya mashine ni programu zilizofunzwa kwa picha nyingi za rangi zilizogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. DeOldify ya Jason Antic, iliyotoka 2018, ndiyo iliyowafanya wengi wajaribu kazi hii nyumbani. Inabahatisha rangi yenyewe bila kukuuliza. Kwa kazi yetu inafaa zaidi ile aina inayopokea fremu ya mfano uliyoitia rangi wewe na kuisambaza kwa jirani zake. Ilishe fremu mama mbili, ijaze katikati, kisha kagua. Kosa lake la kawaida ni kusahau: mkono ukipita mbele ya sahani unatoka umepauka. Hapo ongeza fremu mama nyingine, usibishane nayo.

Neno kwa wanaotaka kutumia njia hii kwenye picha za mababu zetu. Mashine inajua kile ilichoonyeshwa sana, na ngozi nyeusi mara nyingi haikuonyeshwa vya kutosha. Nimeona picha ya bibi harusi wa miaka ya sitini ikitoka na uso wa majivu, nyingine na uso wa chungwa. Ngozi za watu wetu zitieni kwa mkono. Tumia picha za rangi za wajukuu wenye wekundu au weusi uleule wa ukoo kama mfano, kama tulivyotumia Autochrome.

Nane: kurudisha mwangaza

Hatua hii huwa inarukwa, nami naiona muhimu kuliko zote. Hata ukiwa mwangalifu, mashine itakuwa imegusa mwangaza: imelainisha chembechembe, imepausha vivuli. Kwa hiyo hatuchukui picha yake nzima. Tunachukua rangi zake tu na kuzivika fremu zetu safi:

`ffmpeg -framerate 16 -i safi/%05d.png -framerate 16 -i rangi/%05d.png -filter_complex "[0:v]format=yuv444p[a];[1:v]format=yuv444p[b];[a][b]mergeplanes=0x001112:yuv444p" -c:v ffv1 repas_rangi.mkv`

Zile tarakimu zinasema: mwangaza kutoka faili la kwanza, pande mbili za rangi kutoka la pili. Folda zote mbili lazima ziwe na idadi sawa ya fremu na vipimo sawa. Matokeo yake, anayetaka filamu ya mwaka 1895 atapunguza rangi kwenye televisheni yake hadi sifuri na ataikuta pale, na chembechembe zake zote.

Tisa: kukagua

Itazame kwa mwendo wa kawaida bila kusimamisha, mara tatu. Ya kwanza tazama nyuso. Ya pili tazama nyuma yao tu, majani. Inasimuliwa kwamba watazamaji wa kwanza walishangazwa na majani yale yanayotikisika kuliko hata na mtoto, kwa hiyo kama rangi yake inapwaya hutasamehewa. Ya tatu izime rangi. Ukiona kitu chochote tofauti na fremu safi, hatua ya nane ina kosa.

Kisha iangalie kwenye simu ya bei nafuu, juani. Rangi zilizotulia kwenye skrini yangu ya kazini zilionekana zimekufa huko. Sikuzikoleza. Nilibadilisha kijani cha majani ya karibu kidogo tu, na ikatosha.

Kumi: kuhifadhi

Faili la ffv1 ni la kutunza, halipotezi kitu. La kutazama, lililobanwa, litengeneze kwa ffmpeg ukitumia libx264, crf 16 (kiwango cha kubana), na pix_fmt yuv420p. Filamu hii haina sauti. Ukiweka muziki, uweke kwenye faili la kutazama tu. Weka pamoja vitu vinne: asili, safi, rangi na daftari. Nakili kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Mwanzoni mwa faili la kutazama weka kadi ya sekunde tano. Yangu imeandikwa hivi:

Repas de bébé, Louis Lumière, 1895.
Filamu ya asili haina rangi.
Rangi hizi zimetiwa kwa kukisia. Orodha ya kilichokisiwa na kilichobuniwa imeambatanishwa.

Halafu mita 17 za utepe zinaanza, na upepo unaishika bibu.